Saa nne usiku, dozi mara mbili

Mama mdogo aliona aibu ya harufu kuliko alivyoogopa uvimbe. Saratani imeshapasua ngozi ya ziwa la kushoto, kidonda kinatoa maji, na akawa anakataa wageni, hata wajukuu. Tulifukiza udi mpaka macho yakawasha. Udi ukikutana na usaha ni balaa jingine.

Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso, alipokuja aliomba sufuria tu. Akachemsha maji, akatia chumvi, yakapoa, akailowesha bandeji kabla ya kuibandua, maana ikivutwa kavu inaondoka na nyama. Kisha akasaga vidonge vya metronidazo, vilevile wanavyopewa watu wenye amiba, akanyunyiza unga wake kidondani. Harufu ile huletwa na bakteria wanaostawi kwenye nyama iliyokufa, na dawa hiyo inawaua. Siku chache tu, chumba kikakalika.

Mofini, dawa kali ya maumivu, ndiyo iliyozua kikao cha ukoo. "Mkimpa hiyo, mmeshamzika," alisema mjomba. Nesi akamjibu, "Mzee wangu, ikipimwa kwa kadiri ya maumivu haimuui mtu. Maumivu ndiyo yanayomnyima usingizi na chakula." Ni dawa ya maji, chungu. Uganda, ambako shirika la tiba shufaa la Hospice Africa lilianza mwaka 1993, huitia rangi ili chupa ya dawa hafifu isichanganywe na ya kali. Anakunywa kila baada ya saa nne, na saa nne usiku anapewa dozi mbili kwa mpigo ili alale mpaka alfajiri. Inafunga choo vibaya, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ni ya kila siku. Hilo msisubiri kuambiwa.

Hospitalini tuliambiwa tumrudishe nyumbani, hakuna la kufanya tena. Kauli hiyo bado inanikera. La kufanya lipo tangu kunapambazuka: kumgeuza, kuinua kwa mito ule mkono uliovimba, kumsafisha kinywa, kumjibu kweli anapouliza kweli.

Jana aliomba simu, akawadai mwenyewe wenzake wa vikoba. Leo Jumapili mjomba amekuja, wamegombania mpaka wa shamba la minazi kwa sauti ya kusikika uani. Mama mdogo kashinda, naona, maana mjomba ametoka akiuliza hati iko wapi.