Miwani ya baiskeli kwa sisi wenye namba: nilivyohangaika Dodoma mpaka ikakaa

Hapa Dodoma ukisema unatafuta miwani ya kuendeshea baiskeli, tena yenye namba zako za macho, kila mtu anageuka mtaalamu. Mmoja aliniambia ninunue nyeusi kuliko zote, kazi imeisha. Mwingine akasema nivae lenzi za kubandika kwenye jicho. Wa tatu, na huyu ana baiskeli ya bei mbaya kweli, akaniambia: "Wewe vua tu miwani, kwani barabara huioni?" Ndugu zangu, mimi ni mainasi 3.25 jicho la kulia na mainasi 3.50 la kushoto, yaani vya mbali sivioni vizuri, na silinda juu yake, ile namba ya jicho lisilo na mviringo sawasawa. Nikivua miwani, lori la mafuta na nyumba ya wageni siwezi kuvitofautisha mpaka kimoja kipige honi.

Naishi mjini, kazi iko Mtumba, Mji wa Serikali. Mtumba iko mashariki. Asubuhi ninapokwenda jua linachomoza mbele yangu, jioni ninaporudi linazama mbele yangu. Wanaotokea Chamwino, mashariki zaidi ya Mtumba, kwenda huko huko kazini linawapiga mgongoni safari zote mbili, na hata hawajui wamebarikiwa. Halafu ile ndiyo barabara ya Morogoro, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapo hapo. Kiangazi upepo ukianza, lori likikupita unapewa vumbi na vijiwe kwa pamoja. Na ukichelewa ofisini kidogo, saa moja usiku imeshaingia, maana huku kwetu jua likizama giza halichelewi. Kwa hiyo miwani niliyoitaka ilikuwa na kazi nyingi: izuie jua la usoni, izuie upepo wa pembeni, isivunjike kijiwe kikiigonga, isinipofushe usiku, na inifanye nione. Miwani moja ya lenzi moja haiwezi hayo. Hapo ndipo habari ya lenzi za kubadilisha ilipoanza, yaani fremu moja unayochomoa lenzi hii na kuweka nyingine.

Nianze na ushauri wa "nyeusi kuliko zote", kwa sababu ndio ulioniudhi zaidi. Weusi wa lenzi ni rangi tu. Kinachozuia miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana inayoumiza macho, ni lenzi yenyewe ilivyotengenezwa au dawa iliyopakwa, na kuna lenzi nyeupe kabisa, zisizo na rangi, zinazoizuia yote. Lenzi nyeusi isiyozuia inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu: giza linaifanya mboni ifunguke, na miale inapita kwenye mlango uliofunguliwa. Watu wanaofanya kazi juani na kwenye vumbi miaka mingi huota kile kinyama cha weupe wa jicho kinachosogea kuelekea kwenye mboni. Nenda kijiji chochote cha huku utawaona wazee wenye nacho. Unachotakiwa kutafuta ni maandishi ya UV400, yaani inazuia miale yenye urefu wa wimbi mpaka nanomita 400.

Sasa, maandishi kila mtu anaweza kuyabandika. Nilipokuwa naranda kwenye meza za Machinga, kila miwani ya elfu tano ilikuwa na kibandiko cha UV400. Nikajiuliza nitajuaje. Jibu nililipata kwa wakala wa fedha za simu. Jamaa ana ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Nikamwomba karatasi nyeupe ya kuchapishia, akaimulika, ikang'aa bluu. Karatasi hizo zimetiwa dawa inayong'aa ikipigwa na miale ile. Nikaweka miwani ya kwanza kati ya taa na karatasi: mng'ao ukafa, karatasi ikabaki na kivuli cheusi. Safi. Nikaweka ya pili, ile nyeusi tii aliyoisifia yule mshauri wangu: karatasi ikang'aa ndani ya kivuli cha miwani bila hata aibu. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kutoa hela wakavua zao nao wakaomba wapimiwe. Wakala akaanza kulalamika kuwa nimemgeuza kliniki. Angalizo: taa hii haithibitishi kuwa lenzi inazuia mpaka 400 kamili, inawaumbua tu zile zinazopitisha waziwazi. Na usiitazame taa yenyewe.

Kuhusu weusi, kuna daraja, 0 mpaka 4, na miwani ya maana huandikwa kwa ndani ya mkono wake. Daraja 0 inapitisha mwanga asilimia 80 mpaka 100, ndiyo ile nyeupe ya usiku. Daraja 3 inapitisha asilimia 8 mpaka 18, na hiyo inatosha kabisa kwa jua la Dodoma. Daraja 4 ni ya theluji na milima mirefu, na haifai kuendeshea gari. Mimi nina ya daraja 3 yenye rangi ya kahawia, kwa sababu kahawia inayatoa mashimo na michanga ya pembeni mwa lami kuliko kijivu, na nyeupe ya jioni. Watu wa kijivu watabisha, wabishe. Njano niliijaribu, inapendeza kukiwa na mawingu ya Januari, basi.

Namba ndizo zilizonitoa jasho. Duka la kwanza nililokwenda, silitaji, walinihakikishia kuwa fremu yoyote ninayoleta wanaweka namba. Nikapeleka fremu ya michezo, ile iliyokunjwa kufuata uso. Wakachukua kadi yangu ya kliniki, wakanakili namba zangu vilevile zilivyo, wakaniambia nirudi baadaye. Niliporudi nikavaa, nikatazama ukutani mbele yangu, herufi zote nazisoma. Nikalipa, laki na ushee. Nikatoka, nikapanda baiskeli.

Mbele yangu kila kitu kilikuwa sawa. Shida ilianza nilipotupa jicho pembeni kuangalia kama kuna bodaboda. Lami ikainuka kingo zote mbili kama sahani, na mimi niko katikati yake kama wali. Nikafika kwenye mataa, nikashusha mguu, na ardhi haikuwa pale ilipoonekana kuwa. Mguu ukapita hewani kidogo kabla ya kukuta lami, na mama wa ndizi akacheka bila kujificha. Nikajikaza. Kufika nyumbani kichwa kinanigonga, chakula nimekiona kiko mbali, mke wangu ananiuliza kama nimekunywa. Nikarudi dukani. "Utazoea," wakaniambia. Nikaendesha tena, nikarudi tena. "Mzee, macho yanahitaji muda." Macho yangu yalikuwa na akili kuliko wao: yalikataa.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa baadaye. Ukipimwa macho, lenzi inakaa mbele yako ikiwa wima na imenyooka. Ukiiweka namba ile ile kwenye fremu iliyokunjwa, lenzi inakaa mshazari, na mshazari huo unabadili nguvu inayofika jichoni na kuusukuma mwanga upande. Mtengenezaji anayejua kazi anaikokotoa upya namba kulingana na mkunjo wa fremu, kwa hiyo namba utakayoandikiwa kwenye oda hailingani na ya kwenye kadi yako. Kadiri namba yako ilivyo kubwa ndivyo kosa linavyokuwa kubwa, na wengi wanaotengeneza lenzi za mkunjo hawapendi kuvuka 4 hivi, iwe mainasi au plasi, ile ya wasioona vya karibu. Sisi wa mainasi tuna balaa la ziada: kingo za lenzi ni nene, kwenye fremu ya mkunjo zinagusa shavu. Swali la kuuliza ni moja: "Mnarekebisha namba kwa mkunjo wa fremu?" Muuzaji akitazama dari, mshukuru uondoke.

Lakini hata wangeirekebisha vizuri, hesabu ingekuwa mbaya kwangu. Namba zikishakuwa ndani ya lenzi yenyewe, kila rangi unayotaka kubadilisha inahitaji namba zake. Ya jua utengeneze, ya usiku utengeneze, na mwakani macho yakibadilika uanze upya. Nilichokuja kukichagua ni miwani yenye kifremu cha ndani: kifremu kidogo kisicho na mikono kinachochomekwa nyuma ya lenzi kubwa, pale puani. Namba zinakaa humo, na hakijakunjwa sana kwa hiyo lenzi za kawaida zinakubali. Lenzi kubwa za nje unabadilisha upendavyo, namba haziguswi. Miwani niliagiza kwa muuzaji wa Kariakoo, ikaja na basi. Kabla ya kutuma hela nilimlazimisha anipigie picha ya kifremu kikiwa ndani, na aniambie kama lenzi za nje anaziuza pia moja moja. Wauzaji watatu kabla yake walikuwa wameshindwa hilo la pili.

Duka la pili la kuwekea lenzi, msichana mmoja mtaratibu ndiye aliyenipokea. Akapima umbali kati ya mboni zangu, milimita 63. Akataka kuweka alama ya urefu, yaani kitovu cha lenzi kikae wapi juu au chini, akaniambia nikae kiti wima nitazame mbele.

"Dada," nikamwambia, "mimi barabarani sikai hivi."

"Unakaaje, kaka?"

Nikainama kifua juu ya usukani wa hewani, nikainua macho. Kwenye baiskeli kichwa kimeinama, unaitazama barabara kupitia sehemu ya juu ya lenzi. Kitovu kikiwekwa kama cha mtu aliyekaa ofisini, unaendesha ukitazama kupitia ukingo. Akanielewa upesi, ila kwa hewani alama hazikutulia. Nikamwambia baiskeli iko nje.

"Baiskeli inabaki nje, kaka."

Baada ya mazungumzo mafupi baiskeli iliingia ndani. Mlinzi akashika tandiko, mimi nikapanda na helmeti kichwani, mikono kwenye usukani, nikatazama kalenda iliyokuwa mwisho wa chumba. Dada akachuchumaa mbele ya gurudumu na kalamu ya wino mzito, akatia nukta kwenye vioo vya mfano vilivyokuwa kwenye kifremu. Wakati huo mzee mmoja wa Kigogo akaingia na salamu yake, "Mbukwenyi," tukamwitikia, akatutazama wote watatu kwa zamu, akauliza: "Na baiskeli nayo inapimwa macho?" Mlinzi alicheka mpaka akaachia tandiko, ikabidi turudie. Dada alipolinganisha, nukta za kwenye baiskeli zilikuwa milimita kadhaa juu ya zile za kwenye kiti. Akaandika za baiskeli. Nikamwomba na polikaboneti badala ya plastiki ya kawaida, maana haivunjiki vipande kirahisi, ila iwe na dawa ya mikwaruzo kwa sababu ni laini. Vioo vya kioo halisi mbele ya jicho kwenye barabara ya malori hata bure usikubali. Gharama ya lenzi zile ilikuwa chini ya laki, na wala sikuomba punguzo.

Wale wa lenzi za kubandika kwenye jicho: zinafanya kazi kwa wengi, na ndizo zinazokuruhusu kuvaa miwani yoyote. Mimi upepo wa Agosti umenikausha macho vya kutosha, sitaki kuongeza kitu cha kunaswa na vumbi. Zinazojibadili rangi zenyewe nazo zinasifiwa sana. Wanaosifu wasichosema ni kwamba joto linapunguza weusi wake, na Dodoma saa saba mchana Oktoba joto lipo. Tena kurudi kuwa nyeupe zinachukua dakika kadhaa. Kwa anayetoka alfajiri na kufika jua likiwa limepanda, si mbaya. Zile zinazokata mng'ao, polaraizi, zinatuliza macho kweli, lakini nilipozivaa kioo cha simu niliyofunga kwenye usukani kilikuwa kikizimika nikiinamisha kichwa. Hiyo pia ndiyo njia ya kuzijua dukani: zizungushe mbele ya kioo cha simu, kikififia basi ni zenyewe.

Kubadilisha lenzi nafanya nyumbani au ofisini, kamwe si kando ya barabara, maana upepo ukikukuta umeshika lenzi mkononi vumbi linakaa pande zote. Unaanzia puani, unabonyeza, inatoka. Mara ya kwanza utaogopa itavunjika. Na vumbi usifute na jezi wala kanga ya mtu: mimina kwanza maji ya chupa, mchanga ushuke, ndipo upanguse. Kwa kifremu cha ndani una nyuso nne za kuosha, hilo ni kero sitaficha. Kero nyingine ni ukungu ukisimama kwenye mataa asubuhi za masika, na kope zangu ndefu ambazo mke wangu anazisifu ziligusa lenzi mpaka nilipobana mpira wa puani ukasogeza miwani mbele.

Mpira huo wa puani agiza na wa akiba. Ndio unaokamatisha kifremu, ukipotea una miwani ya jua tu na namba zako ziko mfukoni. Mimi niliomba miwili, muuzaji akanitumia mitatu na hakudai cha ziada, nami sikumkumbusha.