Nilivyofungua kituo cha MOT, na rola za bei rahisi zilivyonitoa jasho

Mimi fundi wa magari tangu Majengo, Mombasa, na hapa Leicester gereji yangu ina mwaka wa tisa. Miaka yote hiyo nilikuwa namaliza kutengeneza gari la mteja, kisha nalipeleka kwa mwingine likapimwe MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari. Mimi nalala chini ya gari kwenye baridi, yeye anachapisha cheti. Siku moja alinirudishia gari la mama mmoja limefeli kwa sababu taa ya namba haiwaki. Balbu! Si angenipigia simu nikaja nayo mfukoni? Hapo nikasema basi, nafungua changu.

Kwa mlio nyumbani: hapa Uingereza gari likishafika miaka mitatu, kila mwaka lazima lipimwe. Bila cheti halali, huna ruhusa ya kuliendesha barabarani. Herufi hizo ni za Wizara ya Uchukuzi ya zamani, Ministry of Transport, na kazi yenyewe ilipoanza 1960 ilikuwa breki, taa na usukani, tena kwa magari yaliyopita miaka kumi tu. Leo hata kutu ina sheria zake.

Sasa, kuna jamaa wa kwetu, nitamwita Mjuaji. Hajawahi kushika spana maishani, lakini anajua. Akaniambia kuhusu rola, zile silinda za chuma zinazozungusha magurudumu kupima breki, "Kaka, usinunue mashine mpya, watakuibia. Rola ni rola. Gereji zinafungwa kila siku, chukua ya mkononi." Nikamsikiliza, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Nikapata mashine ya rola ya kupimia breki kwenye gereji iliyokuwa ikifungwa. Elfu moja na kitu, pauni. Kuibeba tu ilikula siku nzima, maana ni chuma kitupu, na lori nililokodi lilinung'unika njia nzima. Wikendi ile mimi na wapwa zangu wawili tukapasua zege tuchimbe shimo lake. Vumbi likavuka ukuta likatua juu ya mazulia ya jirani yangu muuzaji, mazulia meupe, kama kwamba aliyachagua kwa makusudi. Nilimpelekea mahamri wiki nzima ndipo akanijibu salamu.

Rola zikakaa shimoni zimenyooka. Nikapiga picha, nikamtumia Mjuaji, akajibu na vidole gumba vitatu.

Jumatano akaja kijana wa kampuni ya vifaa kunipa bei ya mashine ya kupima moshi. Akazitazama rola zangu, akatazama ubao wa vipimo vyake ukutani, wenye mishale miwili kama saa ya msikiti. Akauliza kwa upole, "Hii inaunganishwa wapi?" Nikamwonyesha soketi ya umeme. Akanionea huruma. Tangu Oktoba 2019, kituo kipya lazima kiwe na mashine ya rola inayotuma vipimo moja kwa moja kwenye mfumo wa MOT, si mtu kusoma mshale akaandika anavyotaka. Yangu ilikuwa haina hata tundu la waya wa kompyuta. Mpya nilipoiagiza, fremu yake ikakataa shimo. Tukapasua zege tena. Safari hii nilipeleka mahamri kabla.

Na kosa si la Mjuaji peke yake. Mtu anaanza na fomu, VT01, pamoja na ramani ya jengo na idhini ya mipango miji, anangoja wakala wa serikali, DVSA, wamwambie kimsingi sawa, ndipo anashika nyundo. Mimi nilianza na nyundo.

Lakini sakafu ya taa, hapo nitajisifu. Pale gari linaposimama kupimwa taa za mbele pana masharti ya usawa. Ukikosea kidogo, taa nzuri inaonekana inamulika mawinguni. Mwenye leza ya kupimia usawa alinitajia bei nikakohoa. Nikakumbuka waashi wa kwetu: nikanunua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, mita kumi na kitu, nikaujaza maji, maana maji hukaa usawa mmoja ncha zote mbili. Ila maji kwenye mpira hayaonekani vizuri, macho yangu nayo si ya juzi. Nikamwaga maji nikatia strungi, chai ya rangi iliyokolea, bila sukari maana sukari inaleta sisimizi. Mpwa ncha hii, mimi ile, tukatia alama sehemu zote za magurudumu, tukasawazisha. Mkaguzi alipokuja na kifaa chake akapima, akapima tena, akauliza nani kaifanya. Nikamwonyesha mpira. Akaunusa. "Oili?" Nikamwambia chai.

Kozi ya upimaji niliimaliza. Wanataka uwe na miaka minne ya kazi ya ufundi, mimi ninayo ishirini na zaidi. Jumla ya gharama usiniulize. Kwa hesabu yangu ni bei ya gari jipya, kwa hesabu ya mke wangu ni magari mawili. Nayo MOT ya gari dogo huruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85, na mtaani kwetu ukidai zote wateja wanakwenda kwa jirani. Faida iko kwenye matengenezo.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni jamaa. "Sheikh, nipitishie tu, nitabadilisha tairi mwezi ujao." Serikali hutuma wateja wa kujifanya, na mimi leseni yangu siiuzi kwa tairi ya mtu. Mjuaji mwenyewe alikuja, meno ya tairi ya nyuma yamelika chini ya milimita 1.6, akatoka na karatasi ya kufeli na uso umemvimba.

Rola za zamani ziko nyuma ya gereji chini ya turubai. Wapwa wameweka ubao juu, ndipo tunapokunywa chai saa nne. Anayezitaka aje na winchi yake.