Siku moja maishani mwangu: mtungi wa klorini na upepo wa kusi

Saa 11:40 alfajiri. Zamu yetu ya zimamoto hupokelewa saa 12 kamili, lakini mimi hufika mapema kidogo ili nikague vifaa vya kupumulia kabla kelele za makabidhiano hazijaanza. Kila mtungi wa hewa una ujazo wa lita 6 na unapaswa kuwa na mgandamizo wa baa 300, yaani takribani lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito huvuta lita 60 kwa dakika, kwa hiyo hesabu inampa nusu saa, na ukiondoa akiba ya kumtoa nje salama unabaki na dakika 20. Hesabu hii nawarudia wenzangu kila siku hadi wengine wanaitamka kabla yangu. Asubuhi hiyo ya Julai mitungi saba ilikuwa imejaa na wa nane ulisoma baa 240, nami nikauweka kando ili ujazwe.

Saa 1:12 asubuhi. Simu iliingia kupitia 114. Aliyepiga alikuwa kijana wa bodaboda, akasema kwamba chini ya mtambo wa kusafisha maji kuna moshi wa kijani unaotambaa kuelekea bondeni, na abiria wake anakohoa hadi anatapika. Mkuu wa zamu alinigeukia bila kusema neno, nami nikamjibu: klorini, gesi ya kutibu maji. Swali la kwanza tulilomrudishia yule kijana lilihusu upepo, na alipotazama minazi akatuambia kwamba inalala kuelekea kaskazini. Ulikuwa ni kusi, kama ilivyo desturi ya mwezi huo huku pwani.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa majahazi, na kutoka kwake nilijifunza kuwa chombo kina pande mbili zenye maana: joshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakokwenda. Maneno hayo niliyaleta kikosini, na sasa ndiyo tunayotumia redioni, kwa kuwa hayamchanganyi mtu hata akiwa na hofu. Nikatamka redioni kwamba tunaingia kwa joshini. Maana yake ilikuwa kulizunguka eneo lote kwa barabara ya kusini na kupoteza dakika tisa, na konstebo wetu mdogo aliyekaa nyuma yangu hakuweza kuficha uchungu wake. Namwelewa. Lakini gari la zimamoto likiingia ndani ya wingu la klorini, injini hukosa hewa, wafanyakazi hukosa macho, na waliokuwa wakisubiri kuokolewa huongezewa majeruhi wengine sita.

Saa 1:41 asubuhi. Tulisimama mita 300 joshini. Kutoka pale wingu lilionekana wazi, rangi ya manjano iliyoingiwa na ukijani, likitoka chini ya mlango wa stoo, likiteremka ngazi za zege na kuufuata mfereji wa maji ya mvua kama kiumbe kinachoijua njia. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, ndiyo sababu haipandi bali hutafuta mashimo, mitaro na mabonde, na ndiyo sababu mtoto mdogo huivuta kabla ya mama aliyesimama kando yake.

Msimamizi wa mtambo alitujia akiwa ameziba mdomo kwa kanga iliyoloweshwa maji. Alieleza vizuri, na kwa hilo namshukuru. Stoo ilikuwa na mitungi mitatu ya tani, kila mmoja ukiwa na kilo 900 hivi za klorini iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Uliokuwa ukivuja ulikuwa wa ukutani, haujaunganishwa na bomba lolote, na uvujaji ulitoka kwenye plagi ya usalama iliyo upande wa chini. Mitungi ya aina hii huwa na plagi tatu kila ubapa, zenye metali laini inayoyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 70, ili mtungi ukizingirwa na moto utoe gesi badala ya kupasuka. Unyevu ukiifikia plagi hiyo huila taratibu. Mlinzi wa usiku, ambaye ndiye aliyefungua mlango alfajiri, alikuwa ameketi chini ya mwarobaini akikohoa.

Nilipogeuka, konstebo alikuwa tayari ameshavuta mpira wa maji. Hakuna aliyemwagiza, mikono yake ilifanya kile ilichofundishwa. Nilimshika bega, nikamwambia kwamba leo maji hayatagusa mtungi hata tone. Klorini ikikutana na maji huzaa asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo huitafuna chuma pale pale penye tundu, hivyo tundu la sindano huwa tundu la msumari. Isitoshe, maji ya bomba yana joto kuliko kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri, kwa hiyo ukikimwagia unakipashia moto. Nilimtuma yeye na mwenzake waende kando ya bonde, watandaze maji kwa umbo la feni mbali kabisa na stoo, ili kupunguza makali ya wingu wakati watu wanaondoka.

Saa 2:05 asubuhi. Kazi ya kuwaondoa watu ilifanywa na polisi, mjumbe wa mtaa na vijana wa bodaboda, na waliifanya vyema kuliko nilivyotarajia. Agizo lilikuwa moja: msikimbie mbele ya wingu, likateni kwa ubavu kisha mpande mlimani. Bibi mmoja alikataa kuondoka bila kuku wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonyesha kuku watatu waliokuwa wamelala kando ya mtaro wakiwa wamekufa. Akajifunga kanga kiunoni na kutangulia.

Saa 2:38 asubuhi. Tuliingia wawili, mimi na koplo ambaye nimefanya naye kazi kwa miaka mingi. Wawili wengine walibaki nje wakiwa wamevaa kila kitu isipokuwa barakoa, wakisubiri kututoa endapo mmoja wetu angeanguka. Bila wawili hao singeingia, na siku nikisikia kikosi kimeingia bila hao nitasikitika hata kama kazi imefanikiwa. Vazi lisilopitisha gesi halipitishi jasho pia. Kabla hatujaufikia mlango, buti zangu zilikuwa zimeshaanza kujaa unyevu.

Ndani, taa ya mkononi ilimulika si zaidi ya mita mbili. Tulisikia kabla ya kuona: mlio wa kutemea mate, unaokatika na kurudi. Mtungi ulikuwa umelala juu ya roli zake za chuma, na kwenye ubapa wake, kwa chini kushoto, barafu nyeupe ilikuwa imeota kuizunguka plagi kama chumvi ukutani. Katikati ya barafu lilikuwepo tone la manjano, likikua, likidondoka, na kabla halijatua sakafuni likawa wingu. Lita moja tu ya kimiminika hicho hutoa zaidi ya lita 450 za gesi. Kwa hiyo jambo la kwanza halikuwa kuziba. Jambo la kwanza lilikuwa kuubingirisha mtungi hadi plagi ije juu, ili kinachotoka kiwe gesi badala ya kimiminika.

Mtungi wa tani ukijaa una uzito wa karibu kilo 1,600, lakini juu ya roli nzima watu wawili wanaweza kuugeuza. Roli hizi zilikuwa na kutu. Tulipitisha upau wa chuma, tukahesabu kwa kugongana mabega, tukasukuma. Haukusogea. Tukasukuma tena, roli ikalia, mtungi ukajigeuza kidogo, nikapachika kabari. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, nusu mzunguko mzima. Plagi ilipovuka usawa wa kimiminika, mlio ulibadilika ghafla kutoka kutema mate hadi filimbi nyembamba, na koplo akanifinya mkono kupitia glavu mbili. Kuanzia hapo mtungi ulianza kutusaidia wenyewe, maana gesi inapotoka hukipoza kimiminika kilichobaki, na kikipoa mgandamizo hushuka. Geji yangu ilisoma baa 90. Tulitoka.

Saa 3:25 asubuhi. Jozi ya pili iliingia na sanduku la zana za aina B, lililoundwa mahususi kwa mitungi ya tani. Waliivika plagi kofia ya chuma yenye gasketi, wakaikaza. Kisha wakapitisha kijiti chenye kitambaa kilicholoweshwa amonia. Panapovuja klorini, mvuke wa amonia hugeuka moshi mweupe. Moshi ulitoka upande mmoja, wakaongeza robo ya mzunguko wa spana, wakapitisha tena, na safari hii kijiti hakikutoa chochote. Taarifa hiyo niliipokea redioni nikiwa namwagiwa maji kabla ya kuvuliwa vazi; hapa ndipo maji yalipokuwa na kazi.

Saa 4:30 asubuhi. Swali lililofuata lilikuwa tufanye nini na klorini iliyobaki. Kuimaliza kwa kostiki soda kungehitaji zaidi ya kilo moja ya kostiki kwa kila kilo ya klorini, nasi tulikuwa na magunia manne ya kilo 25, ambayo tuliyatumia kuandaa suluhisho la kutibu sakafu na mtaro. Fundi wa mtambo akapendekeza mtungi uunganishwe na mfumo wa kutibu maji na utumike kabla ya mingine. Nilikubaliana naye. Mji huu hauwezi kunywa maji yasiyotiwa dawa. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa kipindupindu hawahitaji kuelezwa kwa nini gesi hii ipo mlimani.

Saa 6:20 mchana. Nilikwenda hospitali. Wagonjwa wengi walikuwa na macho mekundu na kikohozi tu, lakini niliyemfuata alikuwa yule mlinzi, na nilimkuta amevaa viatu tayari kurudi nyumbani. Ndugu zake walikuwa wamemletea maziwa pakiti nne, wakiamini kwamba yanaondoa sumu. Niliwaeleza kwa heshima kwamba maziwa huenda tumboni ilhali gesi ilikwenda mapafuni, na kwamba klorini haina dawa ya kuibatilisha. Kilichopo ni oksijeni, dawa za kupanua njia za hewa, na uangalizi. Huo uangalizi ndio ninaoupigania kila mara. Mtu anaweza kujisikia nafuu mchana, kisha usiku mapafu yakajaa maji akiwa peke yake kitandani. Daktari alikuwa amemwagiza alale, ila hakumwambia sababu. Nilipomweleza mlinzi sababu, alivua viatu mwenyewe.

Ndipo akaniambia, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba saa 4 usiku wa jana alisikia harufu ya jiki stoo na kuona unyevu kwenye plagi. Akachukua mpira wa bustani, akauosha mtungi kwa takribani nusu saa, harufu ikapungua, akaenda kulinda geti. Asidi ikafanya kazi yake usiku kucha. Aliniuliza kama ameua mtu. Nilimjibu kwamba hakuna aliyekufa.

Saa 9:15 alasiri. Tulirudi mtamboni na wenzetu wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vipimo vya bondeni vilisoma sifuri, watu wakaruhusiwa kurejea. Bustani za mchicha kando ya mtaro zilikuwa zimepauka, jani kwa jani, nyeupe kama karatasi, na mwenye bustani alikuwa akiyang'oa bila kuniangalia. Mlangoni mwa stoo nilisimama kwa muda mrefu mbele ya bango la tahadhari. Lilikuwa na maelezo yote yanayotakiwa, likiwemo katazo la kumwagia maji mtungi unaovuja. Lote lilikuwa kwa Kiingereza.

Saa 3:00 usiku. Mitungi ya hewa imejazwa, barakoa zimeoshwa na kuanikwa, na wa nane sasa unasoma baa 300. Katika ripoti, penye nafasi ya chanzo, nimeandika: plagi iliyolika, iliyomwagiwa maji na mlinzi ambaye hakuwahi kufundishwa wala kuandikiwa kwa lugha anayoisoma. Mkuu wa zamu aliniuliza kama nataka kuyalainisha maneno hayo. Nimeyaacha.

Saa 4:10 usiku. Nimempigia muuguzi wa zamu. Mlinzi anapumua kwa oksijeni, kifua kimeanza kukoroma tangu saa 2, daktari yuko naye. Kesho asubuhi, msimamizi wa mtambo atatufungulia stoo saa 2. Konstebo amenunua rangi nyekundu na brashi ya inchi mbili, na ameshachora herufi kwenye boksi ili asikosee nafasi: MTUNGI UKIVUJA USIMWAGE MAJI. TOKA, NENDA JOSHINI, PIGA 114.