Jinsi nilivyorudi kazini kwa rufaa Tume ya Utumishi wa Umma

Nilikuwa mtendaji wa mtaa katika jiji mojawapo hapa Tanzania. Barua ya kufukuzwa ilisema utoro kazini, uamuzi wa Baraza la Madiwani. Wenzangu walinishauri niende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Msikimbilie huko! Tangu sheria ilivyorekebishwa 2016, mtumishi wa umma lazima kwanza amalize ngazi za rufaa zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma.

Rufaa inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, nakala kwa mamlaka yako ya nidhamu, yaani iliyokupa adhabu. Hapo ndipo mwajiri alipodai nimechelewa, kwa kuhesabu kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Lakini siku zinahesabiwa tangu ulipoipokea. Nilikwenda masijala, nikaomba kivuli cha ukurasa wa dispachi, kitabu cha kusaini unapopokea barua: jina langu, saini yangu, na tarehe ya baadaye sana kuliko ile ya barua. Karatasi hiyo moja ilimaliza hoja yao.

Sababu yangu kuu ya rufaa ilikuwa fupi: nilipewa hati ya mashtaka, nikajibu kwa maandishi na kuambatanisha cheti cha daktari, ila Kamati ya Uchunguzi haikuniita kamwe. Tume ikatengua adhabu. Nimerudi kituoni, mshahara unaingia.

Tume ingenikatalia, bado ningeweza kukata rufaa kwa Rais. Ndugu watumishi, kila barua mnayopokea isainieni kwa tarehe halisi ya siku hiyo.