Dawa ya usingizi huhesabiwa kuanzia asubuhi

Mtu akiingia duka la dawa la mtaani, iwe Wandegeya au Arua hapa Uganda, na kumwambia muuzaji, "Musawo, nipe kitu cha kunilaza," mara nyingi hutoka na vidonge sita vya Piriton ndani ya bahasha ndogo ya karatasi. Usiku analala. Kesho yake saa tatu asubuhi kichwa bado kizito, ulimi mkavu, na kwenye boda anajishika kwa mikono miwili. Atawaambia watu dawa ni kali mno. Ukali wake ni wa kawaida tu, shida yake ni kwamba haitoki mwilini upesi.

Ndiyo maana swali la kwanza la mfamasia anayejua kazi yake ni "unatakiwa uwe macho saa ngapi?" Dereva wa lori anayeondoka Malaba saa kumi na moja alfajiri na mama anayefungua duka saa tatu hawawezi kupewa aina moja ya kidonge, hata kama wote wawili wanakosa usingizi kwa namna ileile.

Kipimo chenyewe ni muda ambao mwili huchukua kupunguza dawa hadi nusu. Kila dawa ina wake. Piriton ya miligramu 4, yaani klofenilamini, kwa mtu mzima huchukua masaa kama 20. Umemeza saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi yamepita masaa 8 tu, na kiasi cha robo tatu ya dawa bado inazunguka kwenye damu. Ukiongeza kidonge cha pili "ili kishike vizuri", kinachoongezeka zaidi ni asubuhi mbaya. Tena baada ya siku chache mwili huizoea: usingizi unapungua, lakini kinywa kikavu na choo kigumu vinabaki. Phenergan, yaani promethazini, iko ukoo mmoja nayo, na nusu yake hufika masaa 10 hadi 19. Hizi ni dawa za mzio. Kumfanya mtu asinzie ni athari yake ya pembeni, na kuitegemea kila usiku ni biashara ya hasara hata kama bei yake ni ndogo.

Diazepamu, ambayo wengi bado wanaiita Valium, inadanganya kwa namna nyingine. Usiku wa kwanza na wa pili mtu huamka vizuri tu, akasifu. Lakini nusu yake huanzia masaa 20 na kuendelea, na ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu ileile kinachodumu zaidi. Chukua mfano wa mtu ambaye mwili wake unahitaji siku mbili nzima kuipunguza nusu, na anameza miligramu 5 kila usiku. Usiku wa pili ana zile 5 mpya pamoja na 3.5 za jana. Baada ya siku kumi hivi, kila anapomeza, mwilini mna kama miligramu 17. Kipimo kwenye karatasi hakijabadilika, ila sasa anasahau funguo na kukosea chenji, na mzee anayekwenda msalani gizani anaanguka. Hapo watu husema ni umri. Kwa usingizi peke yake ningeiweka mwisho kabisa wa orodha, na si zaidi ya siku chache.

Amitriptilini, ambayo hasa ni dawa ya mfadhaiko, inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ni ya bei nafuu, madaktari huiandika sana, na wengi huikimbia kwa kosa la saa tu. Kipimo cha mfadhaiko ni kikubwa. Cha usingizi, daktari akiamua kuitumia, kwa kawaida huwa miligramu 10 hadi 25. Nusu yake hukaribia masaa 20, kwa hiyo haiwezi kuisha kufikia alfajiri. Kinachoweza kusogezwa ni kilele chake. Anayemeza saa tano usiku akiwa tayari kitandani anaamka wakati dawa bado iko juu. Yuleyule akimeza saa mbili usiku, baada ya chakula cha jioni, kusinzia kunaanza mapema na uzito wa asubuhi hupungua. Kama bado ni mzito baada ya wiki, rudi kwa daktari ashushe kipimo kabla ya kuongeza kitu kingine juu yake. Mwanamume mwenye shida ya tezi dume, mtu mwenye presha ya macho au mapigo ya moyo yasiyo sawa, aseme kabla hajaandikiwa. Na ifungiwe mbali na watoto: vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kisha zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya usingizi hasa. Zolpidemu hupungua nusu kwa masaa kama 2 na nusu, zopikloni kama 5. Zote ni za cheti cha daktari. Duka dogo la dawa Uganda limeruhusiwa na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, kuuza dawa za daraja C, yaani zisizohitaji cheti, basi ukiona duka la namna hiyo linakukatia zolpidemu chini ya meza, huna hakika hata kilichomo ni nini.

Zolpidemu humfaa anayegeukageuka mpaka saa saba ndipo alale. Anayelala haraka kisha akashtuka saa tisa usiku haitamsaidia sana, maana wakati huo nguvu yake imeshashuka. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kipimo cha wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba miili yao huiondoa polepole na asubuhi bado ina kiasi cha kuharibu udereva. Madaktari walishauriwa kufikiria kipimo cha chini kwa wanaume pia. Bado yako maduka yanayotoa 10 kwa kila mtu. Mwanamke mwenye karatasi ya 10 aulize.

Namna ya kuimeza ni nusu ya dawa. Tumbo lisiwe limejaa: matoke na supu ya nyama ya saa tatu na nusu vitaichelewesha, wewe uone haijafanya kazi, umeze ya pili, na zote mbili zipande pamoja. Funga mlango, shusha chandarua, zima taa, ndipo umeze. Na hesabu masaa 7 hadi 8 kamili mbele yako. Ukishindwa kulala mpaka saa saba usiku na kengele ni ya saa kumi na mbili, usiku huo umeshapita, usimeze. Hesabu ya zopikloni inaonyesha kwa nini. Miligramu 7.5 ya saa nne usiku, saa tisa ni 3.75, na saa mbili asubuhi haifiki 2. Ileile ikimezwa saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado 3.75 iko mwilini, na hicho ndicho kipimo kamili anachoanzishiwa mzee.

Zopikloni pia huacha ladha chungu ya chuma mdomoni hadi chai ya asubuhi. Haina madhara, ila ni vizuri kujua isije ikakutisha. Cha kutisha kweli ni kutembea ukiwa usingizini, kwa dawa zote mbili. Tangu 2019 Marekani imeiwekea zolpidemu, na esizopikloni iliyo ndugu wa zopikloni, onyo la juu kabisa kwa sababu hiyo. Mtu huamka, akawasha sigiri, akapika, akarudi kulala, na asubuhi hakumbuki chochote ila sufuria ni chafu. Ikitokea mara moja, dawa hiyo imekwisha kwako, hakuna kujaribu kipimo kidogo.

Melatonini nitaipita haraka. Ile ya kawaida hupungua nusu ndani ya saa moja hivi, asubuhi huwa safi kwa wengi, lakini nguvu yake ya kulaza ni ndogo: huharakisha usingizi kwa dakika chache. Faida yake kubwa ni kusogeza saa ya mwili, kwa mfano kwa askari anayetoka zamu ya usiku kwenda ya mchana. Ile ya kutoka polepole ya miligramu 2 humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya chakula. Vidonge vya 10 vinavyouzwa kama virutubisho havikulazi mara tano zaidi, na kilichomo hakilingani na lebo kila mara.

Mahali ambapo mambo huharibika sana hapa kwetu ni mtu anapokuwa na dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini lichome zolpidemu na zopikloni haraka sana, mgonjwa akaona hazifanyi kitu, kipimo kikapandishwa. Miezi 6 inaisha, rifampisini inaachwa, ini linarudi taratibu katika hali yake kwa wiki kama mbili, na kipimo kilekile kilichokuwa hakitoshi kinamlaza mtu mpaka mchana. Upande wa pili ni ritonaviri iliyo kwenye baadhi ya ARV, flukonazoli ya fangasi na klarithromisini: hizi huzuia ini, dawa ya usingizi ikakaa zaidi. Taja kila kitu unachomeza, hata cha wiki moja. Waragi usiitaje kwa aibu, itaje kwa sauti: pombe pamoja na dawa hizi, au na tramadoli ya maumivu, au na sirapu ya kikohozi yenye kodeini, hupunguza pumzi. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini achunguzwe kwanza kabla ya kidonge chochote cha kulaza.

Wakati mwingine mwizi wa usingizi ni dawa yenyewe. Dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha ARV kiitwacho TLD, huwakosesha wengine usingizi. Usiiache wala kuiruka, mwombe musawo wa kliniki akuruhusu uihamishie asubuhi. Prednisoloni ya jioni hufanya vivyo hivyo. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ikimezwa jioni inakuamsha kwenda kukojoa. Na mairungi ya alasiri hayahitaji maelezo.

Ukishaandikiwa dawa, usiku wa kwanza uwe wa kuamkia siku ambayo huendeshi wala hupandi ngazi za kazini. Chukua daftari na uandike vitu vinne kwa siku saba: saa uliyomeza, saa unayokisia ulilala, saa uliyoamka, na masaa mawili baadaye jipe alama ya wepesi wa kichwa, 0 hadi 10. Usijipime dakika ileile unayofungua macho. Kila mtu, hata asiyemeza kitu, huwa mzito kwa nusu saa hadi saa moja. Toka nje kwenye mwanga, nawa uso, ndipo uhukumu. Uzito ukiisha hapo, si wa dawa. Ukifika saa nne asubuhi bado upo, dawa ni ndefu, ni nyingi, au ilimezwa usiku mno. Siku tatu nzuri kisha ya saba mbaya ni dalili ya kulimbikizana. Kwa udereva, alama yako mwenyewe haitoshi: watu waliomeza zopikloni hujiona wazima huku mikono yao ikichelewa. Mwenye boda au teksi amwonyeshe daktari daftari kabla ya kurudi barabarani na dawa mpya.

Kuacha nako kuna hesabu. Aliyemeza zolpidemu usiku tatu au nne anaweza kusimama tu, ingawa usiku mmoja au miwili utakuwa mgumu, na huo ugumu si ushahidi kwamba anaihitaji. Aliyemeza diazepamu kwa miezi asikate ghafla, kwa sababu anaweza kupata degedege. Daktari humshusha kidogokidogo, kwa kawaida robo ya kipimo au pungufu kila wiki mbili, na hatua za mwisho huwa ndogo kuliko za kwanza. Zile miligramu 2 zinazobaki ndizo zinazosumbua zaidi, basi aombe vidonge vya 2 mapema, maana cha 5 hakigawanyiki vizuri zaidi ya nusu.