Sushi naiacha mwisho

Nikifika mji nisioujua na hamu ya chakula cha Kijapani imenikaba, sushi huwa ni kitu cha mwisho kutafuta. Wenzangu hunishangaa, maana kwa wengi wao hakuna chakula kingine cha Kijapani zaidi ya hicho. Lakini mtu yeyote mwenye jokofu, chupa ya mchuzi wa soya na taa nyekundu za karatasi mlangoni anaweza kukuuzia vipande vya samoni juu ya wali akajiita mtaalamu. Supu ya rameni, zile tambi za Kijapani za kwenye bakuli la mchuzi, haina huruma hiyo. Kama mifupa haikuchemka saa za kutosha, kijiko cha kwanza kinakwambia.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za maabara. Husafiri peke yangu, hulala hoteli za karibu na stesheni, na hufika mezani nimechoka, mikono ikinuka spiriti. Mikahawa ya kuweka nafasi miezi kabla hainihusu. Nataka chakula anachokula Mjapani aliyetoka kazini amechoka kama mimi. Kwa hiyo siulizi mgahawa gani ni mzuri. Nauliza Wajapani wa mji huu wanaishi wapi na wanafanya kazi wapi, halafu naenda huko kwa miguu.

Düsseldorf, Ujerumani, ndiko hilo liliponiingia akilini. Kampuni za Kijapani zilianza kufungua ofisi huko miaka ya 1950. Wafanyakazi wakaja na familia zao, na familia zikahitaji shule, maduka ya vitabu, wauza mikate na mahali pa kula mchana. Ukitoka stesheni kuu ya treni unafika mtaa wa Immermannstraße kabla hujachoka kuburuta sanduku. Saa sita mchana wafanyakazi wa maofisini wanapanga foleni mbele ya mikahawa midogo ya tambi. Wanaingia, wanakula wakivuta tambi kwa sauti, wanalipa, wanatoka. Hakuna anayesimama kupiga picha bakuli. Nilikaa kaunta baina ya mabwana wawili ambao hawakunisemesha neno, na nilifurahi kuliko katika karamu nyingi nilizoalikwa.

Tangu hapo naisoma ramani kwa jicho jingine. Paris naelekea rue Sainte-Anne, karibu na Opéra, ambako nyumba za rameni na za udoni, tambi nene za ngano, zimebanana mlango kwa mlango. Los Angeles kila mtu atakutuma Little Tokyo, na si vibaya, lakini mimi huendesha gari kwenda Torrance na Gardena, kusini kidogo. Honda ina makao yake makuu ya Marekani pale Torrance, na Wajapani wengi wameishi sehemu hizo kwa vizazi. Usitegemee uzuri wa nje. Utaona uwanja wa kuegesha magari, dobi, daktari wa meno, na katikati yao mlango wenye pazia fupi la kitambaa. Ingia hapo.

Nisipojua pa kuanzia, natafuta kwanza duka la vyakula la Kijapani, kabla ya mgahawa wowote. Duka ndilo linaloonyesha kama kuna jamii ya kulisha. Likiwa linauza wasabi ya mrija na biskuti za chai tu, basi wateja ni watalii wa chakula kama mimi. Likiwa na tofu mbichi, natto (soya zilizochachushwa), mchele wa magunia makubwa na masanduku ya chakula cha mchana yaliyofungwa asubuhi ile, nimefika. Nanunua onigiri, tonge la wali la Kijapani, nakula nimesimama nje, halafu narudi kumwuliza mama wa kaunta yeye mwenyewe hula wapi siku ya mapumziko. Swali hilo halijawahi kuniangusha. Akiulizwa wapi pazuri, mtu atakutajia mahali pa wageni. Akiulizwa anakula wapi, hufikiri kidogo, halafu anakuchorea njia.

Nikishafika mlangoni naangalia menyu. Yenye sushi, tambi za Kithai, bata wa Kichina na keki ya jibini, napita bila kinyongo. Fupi ndiyo ninayoipenda, hasa ikiwa na seti ya mchana: wali, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), achari kidogo na kitu kimoja kikuu, labda samaki wa kuchoma au nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa chenga za mkate. Mahali pasipojali wali mtupu hapatajali kitu kingine. Punje zing'ae, zishikane bila kuwa ugali.

Kwenye sushi vilevile wali ndio naupima kwanza. Unatakiwa uwe na siki ya kiasi, na joto la karibu na la mwili wa mtu. Ukija baridi na mgumu, umetoka kwenye jokofu, na samaki wa bei gani hawezi kuuokoa. Mwani nao ulie unapouuma. Wasabi siihukumu, kwa sababu ile ya kijani unayopewa sehemu nyingi, hata huko Japani, ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi. Wasabi yenyewe inataka maji baridi yanayotiririka na bei yake si ya mikahawa ya kawaida. Na kibao cha "samaki wa leo leo" hakinitikisi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, ili kuua minyoo. Jodari wengi wanaofika kwenye sushi waligandishwa wakiwa bado baharini. Tena wapishi wazuri huwaacha baadhi ya samaki walale siku kadhaa ili ladha ikolee. Hata hiyo samoni wanayodai ni asili ya Japani kabisa, waliohimiza iliwe mbichi huko ni Wanorwe, miaka ya 1980, walipokuwa na samaki wa kufuga wasio na soko.

Maoni ya mtandaoni nayasoma kutoka chini kwenda juu. Nyota tano hazinisaidii, kwani aliyezitoa huenda alifurahia mishumaa. Malalamiko ndiyo yenye habari. "Wahudumu hawatabasamu." "Mahali padogo, tulikaa tumebanana." "Hawana sushi!" Huyo wa mwisho, akiwa anailalamikia nyumba ya rameni, ananifanya nivae viatu papo hapo.

Ukiwa Japani kwenyewe mambo yanageuka. Huko watumiaji wa Tabelog, mtandao wa Kijapani wa maoni ya mikahawa, ni wabahili wa alama: mahali penye 3.5 ni pazuri sana, na penye 3.1 panaweza kukupa chakula utakachokikumbuka. Mgeni aliyezoea kukimbia chochote chini ya 4 atalala na njaa. Na kwa kuwa nyumba nyingi hupika kitu kimoja, kazi yako ni kujua kila mji au mkoa unapika nini. Fukuoka ni rameni ya Hakata, supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe na tambi nyembamba. Tambi zikiisha unaagiza "kaedama" na unaongezewa kwenye supu iliyobaki. Kagawa ni udoni: unachukua sinia, unapokea bakuli, unajichagulia tempura za kukaangwa, unalipa, umemaliza kula kabla mwenzako wa Tokyo hajapata kiti. Sapporo ni rameni ya miso, na baridi ya huko itakueleza kwa nini. Hiroshima na Osaka watagombana mbele yako juu ya okonomiyaki, chapati nene ya unga na kabeji. Mimi niko upande wa Hiroshima, ambako kabeji na tambi hupangwa tabaka kwa tabaka badala ya kukorogwa pamoja. Sitaki mjadala.

Usiwadharau wanaokula ndani ya stesheni. Kwingineko duniani chakula cha stesheni ni adhabu, lakini chini ya Stesheni ya Tokyo kuna ujia mzima wa nyumba za rameni, na tambi za soba za kula umesimama kwenye jukwaa la treni zimenipeleka kazini asubuhi nyingi. Mlangoni huenda ukakuta mashine ya tiketi: unatia pesa, unabonyeza kitufe, unampa mpishi karatasi. Usipoweza kusoma, kitufe cha juu kushoto mara nyingi ndicho cha kile wanachojivunia. Jioni, shuka chini ya maduka makubwa ya ghorofa nyingi, kwenye vyakula. Muda wa kufunga ukikaribia wahudumu hupita wakibandika vibandiko vya punguzo, na akina mama wa huko wanajua kwa dakika watapita saa ngapi. Wafuate.

Tsukiji je? Soko la jumla la samaki la Tokyo lililokuwa hapo lilihamia Toyosu Oktoba 2018. Mitaa ya nje ya Tsukiji imebaki na imejaa watu. Pita asubuhi ukipenda zogo.

Asiyekula nguruwe au asiyegusa pombe awe macho zaidi. Rameni iliyoandikwa ya mchuzi wa soya au ya chumvi bado inaweza kuwa na mifupa ya nguruwe ndani yake, na vipande vya nyama hiyo juu. Mirin, divai tamu ya mchele ya kupikia ambayo huingia kwenye michuzi mingi, ina kilevi. Hata soba na udoni za mboga huogelea kwenye supu ya samaki mkavu. Miji mikubwa ya Japani sasa ina mikahawa ya halali, ikiwamo ya rameni ya kuku, lakini itafute kabla hujatoka hotelini.

Lima na São Paulo nimeziweka kando makusudi. Meli ya Sakura Maru ilifikisha Wajapani Peru mwaka 1899, na Kasato Maru ikatia nanga Santos, Brazili, 1908. Wajukuu wa wale watu hawapiki kumbukumbu ya Japani. Wanapika chakula chao. Tiradito ya Lima, samaki aliyekatwa mwembamba kwa kisu cha Kijapani kisha akamwagiwa ndimu na pilipili ya Peru, haihitaji ruhusa ya Tokyo. Anayeingia Liberdade, mtaa wa Wajapani pale São Paulo, akitafuta "ile halisi" anajinyima mwenyewe.

Kazi inayofuata ni Nagoya, na nimeshaanza kuulizia hitsumabushi, yule samaki mrefu aitwaye mkunga, wa kuchomwa, anayeliwa kwa awamu: kwanza mtupu na wali, kisha na viungo, kisha akiwa amemwagiwa supu. Nyumba maarufu nimezisikia, na foleni zake pia nimezisikia. Kama unajua ndogo, ya mtaani, yenye wahudumu wasiotabasamu, niandikie.