Bibo nyuma ya tairi

Niliendesha gari Mtwara mjini miaka miwili bila kujua kwamba sijui kuondoa gari mlimani. Mji wetu tambarare na mchanga wake. Ukitoka Shangani mpaka sokoni, ukitoka sokoni mpaka stendi, kilima kikubwa utakachokutana nacho ni tuta la barabarani. Mafunzo yenyewe tulifanyia kiwanjani, tukizunguka madebe, na siku ya mtihani hakuna aliyenitafutia mlima maana usingepatikana. Leseni nikapewa.

Kazi yangu ni vyombo: mabeseni, ndoo, sufuria, magodoro. Msimu wa korosho ukifika, wakulima wakishalipwa, wafanyabiashara wote tunakimbilia Tandahimba na Newala, na mimi na kirikuu yangu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikiwamo. Huko nako sikuwahi kushtuka, kwa sababu Uwanda wa Makonde kwa upande wetu wa pwani unapanda kwa adabu. Unaendesha tu, Nanyamba hiyo, Tandahimba hiyo, unafika juu hujajua umepanda saa ngapi. Kiburi cha uwanda ule kiko upande wa pili. Ukitokea Masasi unaukuta umesimama mbele yako kama ukuta, na Newala imekaa juu pembeni kabisa, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiteremka genge la Newala kufuata maji bondeni, kisha anapanda na mtungi kichwani. Mimi genge hilo nilikuwa nalijua kwa hadithi zake tu.

Siku hiyo nilikuwa nimefuata mzigo Masasi, nikaona nisirudi Mtwara bure, nipandishe moja kwa moja Newala. Kirikuu Wajapani wameitengeneza ibebe kilo 350. Sikupima nilichopakia, na sitasema hapa nilikisia kilo ngapi. Nilikuwa na kijana wangu wa mzigo, ambaye kazi yake ni kupakia, kushusha, na kuniambia ninavyokosea.

Katikati ya mlima tulikuwa nyuma ya lori la korosho linalojikongoja. Kwenye kona likakutana na lingine linashuka, likasimama. Nikasimama. Njia pale ilikuwa vumbi na kokoto. Lori likaondoka, na mimi nikafanya nilichozoea mjini: nikatoa mguu kwenye breki niupeleke kwenye mafuta. Ule muda mguu uko hewani, gari lilirudi nyuma. Nikashtuka, nikaachia klachi yote, likazima. Nikawasha tena, likarudi tena, likazima tena. Mara ya tatu nilikanyaga mafuta kama naua nyoka, na ndani kukajaa harufu kali ya kitu kinachoungua.

“Dada, tunarudi!” kijana akapiga kelele, kana kwamba mimi nilidhani tunaenda.

Nyuma yetu kulikuwa na bodaboda, abiria wake kapakata tenga la kuku. “Mama, shikilia breki! Usiachie hiyo breki!” Kijana akaruka chini, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Nikaegemeza gari kwenye jiwe, nikavuma, likaondoka. Sasa ningesimama vipi kumchukua? Sikuthubutu. Niliendelea mpaka juu kabisa nikimwona kwenye kioo anakimbia, kisha simwoni. Alifika baada ya kama dakika kumi, watatu kwenye pikipiki pamoja na kuku, amekasirika. Beseni moja lilikuwa limerukia bondeni. Biashara ya siku ile sikumbuki hata ilikwendaje.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mikindani kwa mjomba. Kwetu mjomba si mtu wa kumpigia simu tu ukiwa na shida, unamwendea. Na huyu ameendesha malori ya tani saba miaka mingi, akitoa korosho vijijini kuzileta bandarini, enzi ambazo tandiboi alikuwa anashuka na gogo mkononi kila mlima. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema twende.

Tulikwenda kwenye njia ya kupandia Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1895. Mlima wake ni mfupi lakini umesimama vizuri, na asubuhi magari ni machache. Mjomba akaanza somo: “Mpwa wangu, kinachoondoa gari ni klachi. Mafuta ni ya wenye haraka. Achia klachi polepole, likishika, toa mguu kwenye breki. Basi.”

Nikafanya hivyo. Likazima. “Umeachia haraka.” Nikaachia polepole kama namnyanyua mtoto aliyelala. Likazima. Tukafanya hivyo mara sita au saba, na watoto walikuwa wameanza kukusanyika. Mjomba akachoka. “Sogea,” akaniambia. Akakaa yeye, akarekebisha kofia, akaachia klachi kwa ustadi ambao kweli niliuona, mguu haukutetemeka hata kidogo. Likazima.

Watoto walishangilia. Mjomba hakusema neno kwa muda. Akawasha, akajaribu tena, likamzimikia tena. Akaufunga mlango akiwa ndani, akatazama bahari. Halafu akasema: “Hili si gari. Ni cherehani.”

Nadhani pale ndipo nilipoanza kuelewa. Injini kubwa ya dizeli ina nguvu hata ikiunguruma chini kabisa, kwa hiyo lori lake lilikuwa linaondoka kwa klachi peke yake. Kirikuu ina injini ya petroli ya sisi (cc) 660, ndogo kuliko za pikipiki fulani, na nguvu zake haziji mpaka ianze kuimba. Ushauri wa mjomba haukuwa wa uongo, ulikuwa wa gari lingine. Na mwalimu wangu wa kiwanjani alinipa wa kiwanjani.

Jambo la pili tulilijua kwa bahati. Mjomba alivuta hendibreki ili ashuke akajisaidie. Akavuta, ikalia tra-tra-tra, meno kumi na moja niliyahesabu, mpaka mkono wake ukafika karibu na bega. Alipotoa mguu kwenye breki, kirikuu ikaanza kurudi nyuma taratibu kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Akarukia breki. “Na hii unaiitaje?” akaniuliza. Mimi siku zote naegesha tambarare. Nimeivuta hendibreki ile miaka miwili kama mapambo. Na gereji niliyokuwa napeleka gari ilikuwa inaniambia breki ziko safi, hela wanachukua.

Fundi mwingine alifungua magurudumu ya nyuma, akakuta breki zimelika na waya wa hendibreki umelegea. Akabadilisha, akakaza. Alipomaliza, hendibreki ilikuwa inashika kwenye jino la tano. Kama na wewe unahangaika na milima, kabla hujaanza kulaumu miguu yako, tafuta mteremko, vuta hendibreki, toa mguu. Gari likitembea, nenda kwa fundi kwanza.

Jumapili ya pili ndiyo niliyojifunza hasa. Hendibreki juu. Klachi chini mpaka mwisho, mkono wa kushoto uweke gia namba moja, kisha mkono huohuo urudi kwenye hendibreki usubiri hapo, kidole kwenye kitufe. Mguu wa kulia sasa uko huru kabisa, breki ya miguu haina kazi tena, kwa hiyo unaupeleka kwenye mafuta bila papara. Unakanyaga kidogo mpaka injini iimbe, na unaushikilia mguu palepale. Halafu klachi. Inapanda, inapanda, hakuna kitu, kisha unafika mahali inang’ata.

Hapa pa kung’ata ndipo penye siri yote, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa maneno yanayoeleweka. Mimi nilipajua kwa mapaja. Injini ya kirikuu iko chini ya kiti, umeikalia, hivyo klachi ikianza kushika unasikia mtetemo unapanda mwilini. Mlio unashuka, kutoka wa juu kuja mzito. Pua ya gari inanyanyuka kidogo na nyuma kunajikalisha, kwa sababu tairi za nyuma zinataka kwenda na hendibreki inazikatalia. Kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele mambo huwa tofauti kidogo, lakini mlio kushuka utausikia tu. Ukisikia hivyo, mguu wa klachi usisogee hata nywele. Ongeza mafuta kidogo, bonyeza kitufe, shusha hendibreki. Gari likibaki limesimama lenyewe au likasogea mbele, umepata. Likitaka kurudi, vuta hendibreki juu tena uanze upya, hakuna aliyekufa.

Mjomba, ambaye tangu cherehani ile imwaibishe alikuwa amepunguza mahubiri, alileta jambo lake la maana. Ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho yenye maji, akaja nayo mfuko mzima. Analiweka bibo nyuma ya tairi, umbali wa shubiri, kisha anasimama pembeni mikono mgongoni. Ukirudi nyuma unalisikia: pyaa! Asubuhi ile ya kwanza nilipasua tisa. Tairi ilinuka kama kilabu cha uraka, ile pombe ya mabibo, na suruali ya mjomba ikapata madoa, na doa la bibo usihangaike nalo, halitoki. Watoto walihesabu kwa sauti kila lililopasuka na kula yaliyobaki. Baadaye shubiri ikawa vidole vinne. Jumapili ya tatu bibo liligusana na tairi, na nikaondoka nikaliacha zima. Mtoto mmoja akaliokota akalila papo hapo, ushahidi ukapotea.

Siku hiyohiyo nikajitia ujuaji. Nilikuwa nimeshaweza kubalansi, yaani gari linasimama mlimani kwa klachi na mafuta tu bila breki yoyote, basi nikalishikilia hivyo huku napiga soga na mjomba dirishani. Haikupita muda harufu ya kule Newala ikarudi. Mjomba akapiga paa la gari kwa kiganja. “Unaunguza!” Klachi ni sahani inayobanwa ili iunganishe injini na magurudumu, na ukiiacha nusu-nusu inasuguana, inapata moto, inalika. Sekunde mbili tatu za kuondokea haziidhuru. Foleni ya dakika mbili ni ya hendibreki na fri, yaani gia isishike. Bei ya klachi mpya niliwahi kuulizia, tuache.

Siku ya kurudi Masasi, mzigo nilipunguza. Si sana. Kijana alipanda kimya akiwa na kitu mapajani kimefunikwa na kanga ya kupangusia vyombo. Tulipoanza kupanda nikakaa mbali na lori lililo mbele, kwa sababu lori nalo linarudi nyuma, na likirudi haliulizi. Kwenye kona ileile, amini usiamini, likasimama. Safari hii nilichagua pa kusimama: nikaacha sehemu ya vumbi jepesi, nikasogea kwenye changarawe iliyoshikana, tairi zikiwa zimenyooka. Kwenye vumbi ukizidisha mafuta tairi zinachimba tu. Ila uzito wa nyuma unasaidia kirikuu, maana tairi zinazosukuma ni za nyuma.

Hendibreki, meno matano. Fri. Tukasubiri. Kijana ameshika kitasa cha mlango.

“Kaa,” nikamwambia.

“Nimekaa, dada.” Kitasa hakukiachia.

Lori likaondoka. Namba moja, mkono ukarudi chini, mafuta mpaka ikaimba, klachi ikapanda. Nikasubiri mapaja yaniambie. Pua ikanyanyuka. Nikashusha hendibreki, na kirikuu ikatoka pale bila kurudi hata unene wa bibo. Tulikuwa tumeshapita kona mbili ndipo kijana akapumua.

Newala tulishusha mzigo kabla ya saa sita. Alipoondoa ile kanga nikaona alichokuwa amekipakata: jiwe, zuri, limechongoka upande mmoja, alilolichagua Masasi asubuhi. Mpaka leo liko ndani ya gari, chini ya miguu yake. Nikimwambia alitupe linachukua nafasi, ananijibu: “Na siku hendibreki ikilegea tena, dada, utaniacha nikimbie?”